Mtoto Aliyekataa Majina

Wewe unayesoma, weka kikombe chini kwanza nikutegee. Mzigo nilibebeshwa kabla sijajua kukaa. Sijawahi kuutua hata nikilala, wala uzito wake siusikii. Siku nikifa hauzikwi nami. Unamngoja mwingine azaliwe aubebe. Ni nini?

Usiangalie simu. Fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe Nairobi, nimeshapewa mara nyingi na hata ploti moja sijaiona. Nipe Houston, na joto lake lote. Haya, nimekwenda Houston, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Jibu ni jina.

Mjukuu wangu alikaa wiki saba duniani bila mzigo huo. Alizaliwa mwezi wa tatu, kilo tatu na nusu, na sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya mto. Kwenye karatasi za hospitali aliandikwa Mtoto wa Kike, kisha jina la ukoo wa babake, Tromans, basi. Mama yake ni binti yangu Prudensia, ambaye ni nesi. Babake ni Mark, anayepanga mizigo ya ndege karibu na uwanja, hapa Euless, Texas, tunapokaa. Mark ni Mzungu mrefu, mpole, na ananiogopa inavyotakiwa. Prudensia alimwambia mara moja tu kwamba mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo ovyo. Tangu siku ile akinikuta sebuleni anazunguka na kuingia kwa mlango wa jikoni, utadhani amezaliwa Kakamega.

Shida ilikuwa kilio. Kila siku saa kumi alasiri ikigonga, mtoto alianza, hakunyamaza mpaka jua limezama. Miguu juu, ngumi zimekazwa, uso kama nyanya.

"Mama, ni mchango wa tumbo," Prudensia akasema. "Kazini tunaita colic. Akifika miezi mitatu utaisha."

"Nyinyi mnaita colic," nikamjibu. "Sisi tunaita kutafuta jina."

Kwetu mtoto akilia hivyo bila homa wala njaa, watu wazima huketi. Mmoja humpakata, mwingine huita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, bila haraka. Aliye na haja na mtoto akitajwa, mtoto hunyamaza, na hilo ndilo jina lake. Basi nikaketi. Nikamwita mama yangu. Nikamwita nyanya yangu. Nikamwita shangazi Rispa aliyekuwa akikaanga mchwa hata majirani wanahamia kwake. Nikamwita hata mama mkwe wangu, nikimtaja haraka haraka nikiomba asisikie. Mtoto alilia kwa wote, na kwa mama mkwe alilia zaidi, nami sikumlaumu.

"Anataka watu wa babake," nikasema. "Ni kifungua mimba. Upande wa baba ndio huanza."

Mark alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kupimapima, "sisi hatuna watu."

Alisema kama mtu anayesema hatuna sukari. Na kweli, wakati wa posa wazee wetu walimuuliza ukoo wake kwa simu ya video, akajibu, "Texas." Wakaandika Texas.

Yeye mwenyewe hakuwa na kosa. Babake, Mzee Sheldon, ambaye anakaa Pearland kule chini ya Houston na anakaribia miaka themanini, alitoka Uingereza kwa meli akiwa na miaka kumi na tisa. Akashuka Houston, akawa fundi wa kuchomelea mabomba, akaoa, akampata Mark akiwa mtu mzima tayari, akafiwa na mke. Ukimuuliza habari za kabla ya meli, anakuuliza kama umeona mvua ilivyonyesha. Kitu pekee alichonacho Mark ni nakala ya cheti cha kuzaliwa cha babake. Mji mmoja wa viwanda katikati ya Uingereza. Mama: Hepsiba Tromans. Baba: mstari mtupu.

Nikamwita Hepsiba papo hapo. Mtoto akapandisha sauti.

Sasa pale maktaba ya Euless kuna mama mmoja wa Kongo, Esperance, tunayesali naye. Anapanga vitabu asubuhi, na kompyuta za maktaba anazijua. Nilipomweleza, akavua miwani akaifuta.

"Mama Truphosa, miye nilitafutaka ndugu yangu mu liste za kambi ya wakimbizi, miaka miwili, jina kwa jina. Na nilimupata. Sasa hawa Wazungu walioandikwa vizuri hivi, watanishinda?"

Kumbe Waingereza walikuwa na kawaida. Kila miaka kumi serikali ilipita nyumba kwa nyumba na kuandika kila aliyelala humo, umri wake na kazi yake, awe tajiri au fukara. Esperance akaandika Tromans, akaandika ule mji, akabofya, akabofya tena. Ukatokea ukurasa wa mwaka 1911, mwandiko wa kulala kama majani ya mpunga.

"Noah Tromans, miaka thelathini na moja," akasoma. "Mufua minyororo. Keziah, bibi yake. Yeye pia mufua minyororo."

"Minyororo ya kufunga nani?" nikauliza, nikavuta kiti nyuma.

"Ya meli, mama. Ya nanga. Kila ua kulikuwa na tanuru yake."

"Afadhali." Nikarudisha kiti.

"Zilpah, miezi mitano." Akafungua 1921. Noah na Keziah walikuwepo bado, pamoja na Enoch, miaka tisa, na Hepsiba, miaka miwili. Nilidhani anasoma orodha ya umoja wa akina mama wa kanisa letu kule nyumbani. Keziah ndiye mweka hazina wetu mpaka leo.

Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja, kilio kikiwa kimeshika kasi, nikamkabidhi Mark karatasi. Ni watu wake, lazima awaite mwenyewe. Akasimama mbali nami kwa heshima, akakohoa.

"Keziah?"

Kilio.

"Usiulize," nikamwambia. "Ita. Huwapigii simu."

"Keziah! ... Enoch!"

"Huyo ni mwanamume, Mark," Prudensia akasema.

"Mwache, labda anapita tu," nikasema.

"Zilpah!"

Kimya.

Kimya kabisa, hata tukasikia friji. Mtoto amefumbua macho, anatazama dari kama mtu anayekumbuka kitu. Nikapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Prudensia akalia. Mark akampigia babake simu akiwa anacheka: "Baba, amepata jina! Anaitwa Zilpah!" Upande wa pili Mzee Sheldon akasema, "Sawa," akakata.

Nikasonga ugali nikachinja kuku, maana yake nikamtoa kwenye friza. Baadaye Prudensia alinong'ona kwamba alipombadilisha mtoto nepi alikuta sababu nyingine kubwa ya ule utulivu. Nikajifanya sikusikia.

Siku ya tatu Esperance akanipigia. Sauti ilikuwa ya mtu aliyevunja sahani ya watu.

"Mama, nimepata daftari la makaburi ya ule mji. Zilpah yuko. Walimuzika mwaka 1912. Miezi kumi na mine."

Nikaketi. Kosa lilikuwa langu, na nalikubali. Mama yangu alinionya nikiwa bado namfuata kisimani: usimpe mtoto jina la mtu kabla hujajua alikufaje. Sensa inakuonyesha watu wakiwa hai tu, wamekaa nyumbani, moto unawaka. Mimi nilichukua jina pale sebuleni kwa watu bila kupita makaburini kuuliza. Na jina lenyewe halikuwahi hata kutembea vizuri. Nimembebesha mtoto mzigo wa mtoto.

Nikamwita Mark anionyeshe Uingereza iko upande gani. Akatoa simu, akazungukazunguka kwenye maegesho, akanyoosha mkono juu ya gari jekundu la jirani. Nikamwaga maji kidogo kwenye nyasi. "Zilpah, mama," nikasema, "tulikuchokoza bure. Hili hapa jina lako tumekurudishia. Lala." Jirani mwenye gari alikuwa amesimama na mbwa wake wanatutazama wote wawili. Mark akampungia mkono kama mtu anayepunga kila siku.

Prudensia ndiye aliyepasuka.

"Mama, Jumapili hii mtoto anawekwa wakfu kanisani. Pasta anataka jina. Bima inataka jina. Jumatatu narudi kazini, na kule kwa mlezi nitasema nini? 'Huyu hapa, bado tunasubiri'?"

"Nipe siku chache."

"Una mpaka Jumamosi. Ikipita nitamwita Ashley."

"Ashley ni nani?"

"Si mtu. Ni jina tu."

"Ndiyo shida yenyewe," nikasema. Akaingia chumbani akafunga mlango, na si kwa upole.

Usidhani nilimcheka. Macho yake yalikuwa yameingia ndani kwa uchovu. Lakini pia sikuweza kuona mjukuu wangu wa kwanza akisimamishwa mbele ya kanisa na jina lisilo na mtu ndani yake, eti kwa sababu watu wa babake hawakuwa na wa kuwasemea. Watu walikuwepo. Walifua chuma uani.

Alhamisi nikarudi maktaba. Esperance alikuwa amekwisha kutoa karatasi ya kaburi lenyewe. Namba 614, lilinunuliwa na Noah Tromans. Wamezikwa humo watu wanne. Noah, 1938. Keziah, 1943. Hepsiba, 1946, miaka ishirini na saba tu, na Mzee Sheldon wakati huo alikuwa bado ananyonya. Na wa nne, 1971: Selina Pardoe, miaka sabini na miwili, hakuolewa. Kwa ruhusa ya Enoch Tromans.

"Pardoe ni nani?" nikauliza.

"Hapana wa famille, si ndugu yao," Esperance akasema. "Mu miji mikubwa bamasikini walikuwa wanalalishwa pamoja, mama. Hata wasiojuana."

"Hata kwenye kaburi lililonunuliwa?"

Akaisoma karatasi upya.

Nikampigia Mark kazini. Akasema labda karani alikosea mstari. Vijana wa siku hizi kila wasichokijua wanasema ni kosa la karani. Lakini mimi natoka mahali ambapo binti aliyeachika akifa nyumbani kwa babake, wazee hukaa kikao siku mbili kuamua alazwe upande gani wa boma. Mtu wa ukoo mwingine haingii kaburini mwa watu kwa bahati mbaya. Lazima kuna aliyesema, huyu ni wetu, mfungulieni. Hapa aliyesema ni Enoch, na alitia sahihi.

"Esperance, turudi kwa walio hai."

Akafungua tena 1921, akashusha ukurasa mpaka chini kabisa, chini ya Hepsiba, mahali ambapo hatukufika kwa sababu tulitafuta Tromans peke yake. Alikuwepo. Selina Pardoe, miaka ishirini na miwili, mpangaji. Mfua minyororo.

"Mupangaji," Esperance akasema polepole. "Miaka hamsini nzima, mpaka kaburini?"

Hatukuwa na kompyuta ya kutujibu hilo. Mwenye jibu alikuwa Pearland.

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Mark anaendesha, Prudensia yuko mbele, mimi nyuma na mtoto, ili mkwe na mama mkwe wasibanane. Mtoto hakungoja saa kumi siku hiyo. Alianza kulia Corsicana, akapumzika kunyonya, akaendelea mpaka Huntsville. Malori yakitupita nadhani yalimsikia.

Mzee Sheldon tulimkuta nyuma ya nyumba anachoma mbavu, aproni kifuani, kofia ya majani kichwani. Tunapendana sana na mkwe wangu huyu, ingawa Kiingereza changu ni cha darasa la saba na Kiswahili chake ni "jambo" na "pole." Prudensia hukaa katikati anatafsiri, na akichoka tunaelewana kwa chakula.

"Truphosa!" akaniita. Analitamka vizuri kuliko pasta.

"Mkwe wangu! Unanenepa."

"Ni mbavu hizi. Zinanisingizia."

Sikumzungusha. Nikatoa karatasi kwenye mkoba, nikaiweka mezani, nikaweka kidole kwenye mstari wa nne. "Huyu ni nani," nikauliza, "na kwa nini amelala na watu wako?"

Prudensia akatafsiri. Mzee akaipindua shingo aione vizuri.

"Nyama itaungua," akasema, akainuka.

Nyama haikuwa inaungua. Akaigeuza yote, kipande kwa kipande, akarudi na chupa ya mchuzi ambayo hakuna aliyeiomba. Akatueleza habari za kimbunga cha mwaka jana. Akatueleza jirani alivyouza nyumba.

"Baba," Mark akasema.

"Hayo ni mambo ya zamani, Mark. Mahali pale hapana kitu. Moshi tu."

Tukala. Mtoto akaanza tena. Prudensia alimzungusha uani mara tatu, akarudi amekunja uso, akanitazama. Nililijua jina lililokuwa kwenye ncha ya ulimi wake, la yule asiye mtu.

Nikafuta mikono. "Mwambie sikuja kumhukumu," nikamwambia Prudensia. "Mwambie mimi mwenyewe nimekosea tayari." Nikamsimulia Mzee habari za Zilpah, jinsi tulivyokiita kitoto cha miezi kumi na minne kije kibebe kitoto kingine, na jinsi nilivyokwenda kukirudishia jina lake.

"Wapi?" akauliza.

"Kwenye maegesho."

"Watu wakiona?"

"Watu na mbwa."

Akacheka, ghafla, mpaka kofia ikaanguka. Alipoinama kuiokota hakuinuka haraka. Alipoinuka alikuwa ameshika karatasi.

"Zilpah," akasema. "Keziah hakuacha kumtaja, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mimi sikumwona Keziah." Akasogeza kidole chini, namba 614, mpaka mwaka 1971. "Mimi sikujua kwamba hili liliandikwa mahali. Nilipata barua ya mjomba Enoch. Niliisoma mstari wa kwanza, kwamba huyu amefariki, nikaikunja. Sikuenda. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na sababu, sababu hazikosi. Miaka yote nimedhani walimtia kwenye shimo la fukara, maana hakuwa na mtu ila mimi."

Prudensia alikuwa anatafsiri kwa sauti ndogo, na mtoto anamlilia begani.

"Wako pamoja?" Mzee akaniuliza mimi, si Prudensia. "Yeye na Keziah?"

"Pamoja," nikasema. "Na Noah. Na mama yako Hepsiba. Enoch alimfungulia."

Mark alikuwa amevuta kiti karibu, akasahau kabisa kwamba mimi nipo. "Baba. Mama ameuliza tangu mchana. Ni nani?"

Mzee Sheldon akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza. Akanyoosha mikono apewe mtoto. Akamshika vibaya kama wanaume wote, kisha vizuri, na akamtazama yeye wakati anajibu.

"Alikuwa mpangaji wetu. Alikuja kwa juma moja. Hepsiba alipokufa nilikuwa na miezi tisa, sina baba, wakaja mabwana wawili wenye kofia kunipeleka nyumba ya yatima. Akatoka kwenye tanuru, nyundo bado mkononi, akasimama mlangoni na kuwaambia nyumba hii ina mama. Nilimwita hivyo mpaka siku niliyopanda meli. Selina. Huyo ni mama yangu Selina." Mtoto akanyamaza mikononi mwake, na safari hii Prudensia hakuangalia nepi.